Kabla hajaugua, alikuwa akinywa nini?

Pumzi za mtoto mchanga anayekohoa, anayeshukiwa kuwa na nimonia, hazihesabiwi kwa haraka. Mtoto awe ametulia mapajani mwa mama yake, halii wala hanyonyi, shati limepandishwa, macho ya anayehesabu yako pale mbavu zinapokutana na tumbo, na saa inakwenda dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne kunapotosha, kwa sababu mtoto wa umri huo hapumui kwa mwendo mmoja: anakimbiza pumzi, anatulia kidogo, anaanza tena. Aliye chini ya miezi 2 akifika 60, hesabu mara ya pili. Zikibaki 60 au zaidi, apewe rufaa. Miezi 2 hadi 11, pumzi za kasi huanzia 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40. Kisha tazama mbavu za chini. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo huinuka pamoja. Kifua cha chini kikibonyea ndani wakati tumbo linapanda, ujue mapafu yamekuwa magumu na misuli inayavuta kwa nguvu.

Kwa kuhesabu huku tunadaiwa shukrani na watu kama daktari wa watoto Frank Shann, aliyefanya kazi Papua New Guinea mwanzoni mwa miaka ya 1980, akitafuta dalili ambayo mhudumu asiye na eksirei ataiona kwa macho yake mwenyewe. Leo wahudumu wengi wa zahanati za Newala, Tandahimba, Ruangwa na Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania, wanalifanya hili vizuri. Kinachopita haraka ni swali linalofuata. "Ananyonya?" Mama anajibu, "Ananyonya." Kalamu inaweka alama ya tiki, na mtoto anaandikiwa dawa.

Swali hilo limefupishwa mno. Aliyetuonyesha kwa takwimu kwa nini tusilifupishe ni daktari wa Brazili, Cesar Victora, na kazi yake ya miaka zaidi ya 40 inastahili kusomwa polepole na kila anayegusa kifua cha mtoto, hata huku kwetu kusini ambako jina lake halitajwi sana.

Victora alihitimu udaktari mwaka 1976 katika jimbo la Rio Grande do Sul, akatibu watu wa mitaa ya maskini, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Pelotas. Shahada ya uzamivu aliipata London mwaka 1983. Mwaka 1982, yeye na mwenzake Fernando Barros walifanya jambo ambalo wakati ule lilionekana kubwa kupita uwezo wa mji wa kawaida: waliwaandikisha watoto wote waliozaliwa katika hospitali za Pelotas mwaka huo, karibu 6,000, wakawafuatilia. Hawakuwafuatilia kwa miezi sita tu ya mradi. Waliwafuatilia hadi utu uzima.

Lakini utafiti unaotuhusu zaidi ni ule wa vifo. Timu yake ilichukua vifo vya watoto wachanga vya mwaka 1985 katika maeneo ya Porto Alegre na Pelotas, ikachambua vile vilivyosababishwa na maambukizi, 357 kwa jumla. Kwa kila mtoto aliyefariki wakatafutwa watoto wawili wa jirani walio hai, ili maisha ya mtaa ule yawe karibu sawa: maji yale yale, matope yale yale, soko lile lile. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1987. Mtoto aliyeachishwa ziwa kabisa alikuwa na hatari ya kufa kwa kuhara mara 14.2 ya yule aliyenyonya bila kuongezewa maziwa mengine. Kwa magonjwa ya njia ya hewa, hatari ilikuwa mara 3.6. Waliochanganyiwa, ziwa na maziwa mengine, walikuwa katikati: mara 4.2 kwa kuhara na 1.6 kwa kifua. Na maziwa ya kopo hayakuonekana kuwa salama kuliko ya ng'ombe.

Watu hukumbuka ile 14.2. Kwangu mimi namba nzito ni 3.6. Kuhara kunaeleweka kirahisi, kwani chupa chafu, maji machafu na tumbo vinafuatana. Lakini mapafu? Maziwa hayapiti huko. Kwamba kinachoingia tumboni kinabadilisha kinachotokea kifuani, hilo lilihitaji kuthibitishwa, na uthibitisho wake ulikuwa na mtego mmoja mkubwa.

Mtego wenyewe ni huu. Mtoto mwenye nimonia hupumua kwa shida, na mtoto hawezi kuvuta ziwa na kuvuta hewa nyingi kwa wakati mmoja. Ananyonya mara tatu, anaachia, analia. Siku ya pili haligusi ziwa, na mama anajaribu maji ya glukosi, uji mwepesi, chochote. Siku ya nne mtoto anafariki. Ukimuuliza mama wakati huo mtoto alikuwa akinywa nini, atasema uji na maji, naye atakuwa mkweli. Ukiandika hivyo kwa watoto mia tatu, utahitimisha kwamba uji umewaua, kumbe ugonjwa ndio uliowaachisha ziwa. Mshale umegeuzwa. Dawa ya mtego huu ni swali moja lililopangwa vizuri: kabla ugonjwa haujaanza, alikuwa akinywa nini? Victora na wenzake waliuliza hivyo, wakaitegemea siku ya mwanzo wa ugonjwa na si siku ya kifo. Swali hilo hilo, bila kubadilisha neno, linafaa kwenye chumba cha daktari cha zahanati yoyote ya Masasi.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1999, Juraci Cesar, Victora na wenzao walirudi na hesabu nyingine, safari hii ya watoto waliozaliwa Pelotas mwaka 1993. Watoto wasionyonya kabisa walilazwa kwa nimonia mara 17 zaidi ya walionyonya bila maziwa ya kopo. Kwa walio chini ya miezi 3 ilikuwa mara 61. Kuanzishiwa vyakula vingine nako kulipandisha hatari. Hizi ni namba za mji wa Brazili wenye hospitali karibu, hazihamishiki kama zilivyo kuja Liwale. Mwelekeo wake ndio unaohamishika.

Sababu imo kwenye maziwa yenyewe. Mama na mtoto wanavuta hewa moja ya chumba kimoja. Mdudu anayeelea pale humwingia mama pia, kinga ya mama humtambua, na baadhi ya chembe zilizojifunza kumtambua husafiri hadi kwenye titi. Huko hutengeneza kingamwili za aina ya IgA, zinazopaka koo na utando wa pua ya mtoto kila anaponyonya na kuwazuia vijidudu kushika. Kwa hiyo maziwa ya mama wa Kilwa Kivinje yana kinga dhidi ya vijidudu vya Kilwa Kivinje, wiki hii. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, ndiyo yenye kingamwili nyingi kuliko yote, na bado yapo majumba yanakokamuliwa na kumwagwa kwa kuitwa maziwa machafu.

Njia ya pili ni nguvu ya misuli. Mtoto anayepumua mara 65 kwa dakika anafanya kazi ngumu usiku kucha. Mwenye akiba anastahimili. Mwenye utapiamlo anachoka, na akichoka pumzi zinapungua. Hapo ndugu hufurahi wakidhani amepata nafuu, kumbe ndio mwanzo wa mwisho. Pumzi zilizopungua kwa mtoto aliyelegea na kukataa kunyonya ni dharura kuliko pumzi za kasi.

Tuje nyumbani. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Newala na Tandahimba watu wamezoea kukinga maji ya mvua kwenye visima vya saruji pembeni mwa nyumba, au kununua kwa ndoo kiangazi kikikaza. Inauma kuona kwamba katika nchi ambayo maji ni mali namna hii, kijiko cha kwanza mara nyingi huenda kwa yule pekee asiyeyahitaji, mchanga anayenyonya. Mazungumzo ya mhudumu na bibi wa mtoto huwa ya namna hii, maana anayeamua mara nyingi si mama:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Mjukuu anapewa nini zaidi ya ziwa?"

"Hapewi kitu. Ananyonya tu."

"Na maji je, bibi, jua likiwa kali?"

"Aa, maji lazima. Nawe ungemwacha na kiu?"

Bibi hajadanganya. Kwake maji si chakula, na aliulizwa kama mtoto amepewa kitu. Ndiyo maana kuuliza kwa jumla hakufai. Taja kimoja kimoja: maji, maji ya dawa za mizizi, maji ya sukari, chai, uji, maziwa ya ng'ombe, maziwa ya kopo. Taja muda: jana kuanzia asubuhi hadi usiku, na wiki ile kabla hajaanza kukohoa. Muulize bibi na mama wote wawili. Halafu jibu hoja ya kiu, kwa sababu ni hoja ya mapenzi. Maziwa ya mama ni maji kwa takribani asilimia 87. Mtoto anaponyonya kila anapotaka, hata Oktoba yenye joto la kukausha nguo kwa saa moja, anapata maji ya kutosha. Vijiko vichache vya maji vinajaza tumbo dogo, ziwa linanyonywa kidogo, na titi lisilokamuliwa hupunguza kutengeneza maziwa. Wiki mbili baadaye mama anasema maziwa hayatoshi, na kweli hayatoshi.

Kuna kosa jingine ambalo halikuanzia kwa bibi. Lilitoka kwetu, watu wa afya. Kwa miaka mingi mistari ya kadi za ukuaji duniani ilitokana na watoto wa Marekani ambao wengi wao walinyweshwa maziwa ya kopo. Watoto hao wana mwendo wao wa uzito. Mtoto anayenyonya tu hukua kwa kasi miezi miwili mitatu ya mwanzo, kisha anapunguza mwendo, na kwenye kadi ile alionekana anaporomoka wakati mzima wa afya. Mama aliambiwa aanze uji mwezi wa tatu au wa nne. Uchunguzi ulioleta vipimo vipya ulifanyika kati ya 1997 na 2003 katika miji sita: Pelotas, Accra, Delhi, Oslo, Muscat na Davis ya Marekani, kwa watoto wapatao 8,500 walionyonyeshwa kama inavyoshauriwa. Victora alikuwa miongoni mwa walioujenga. Shirika la Afya Duniani lilitoa mistari mipya mwaka 2006. Mama aliyejifungua miaka ya 1990 na kuambiwa maziwa yake ni mepesi sasa ni bibi, na ushauri ule bado anao. Anastahili kuelezwa kwamba kadi ndiyo iliyokosea, si yeye.

Hewa ya kusini nayo ina kalenda yake. Kuanzia Juni mikorosho inapuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, alfajiri, upepo ukiwa umelala. Nyumba nyingi zimo katikati ya mikorosho, kwa hiyo vumbi la manjano linashuka juu ya paa, kwenye kanga zilizoanikwa, kwenye kitanda cha mtoto. Salfa inachoma pua na koo la mtu mzima, seuze njia ya hewa iliyo nyembamba ya mtoto wa wiki sita. Ujirani unasaidia hapa: ujue siku ya kupulizia ya shamba la jirani, mtoto ahamishwe kwenye nyumba ya mbali asubuhi ile, nguo zisianikwe nje. Aliyeshika bomba abadili nguo na kuoga kabla ya kumpakata. Mama aliyekuwa shambani aoshe mikono na kifua kabla hajatoa ziwa.

Kisha yanakuja mavuno, na kubangua. Kubangua kienyeji ni kuweka korosho ghafi juu ya bati lenye matundu au nusu ya pipa, moto chini, hadi maganda yatoe mafuta na kuwaka, halafu unazimwaga na kuzifukia kwa mchanga. Mafuta yale yanababua ngozi ya mikono. Moshi wake una ukali ule ule. Mama anayebangua na mtoto mgongoni anampa mtoto moshi huo kwa masaa. Katika kikundi cha wanawake jambo hili linapangika bila gharama: mwenye mtoto wa chini ya mwaka apewe kupasua, kumenya na kuchambua, akae upande upepo unakotoka, na wasio na wachanga washike moto.

Juu ya majiko niseme wazi ninavyoona, maana miradi yake ni mingi. Moshi wa kuni ni mbaya na kupungua kwake ni jambo jema kwa macho na mapafu ya mama. Lakini jirani zetu Malawi walifanya jaribio kubwa, watoto zaidi ya 10,000 vijijini, kaya nyingine zikapewa majiko yanayotoa moshi kidogo. Matokeo yalitoka mwaka 2017: nimonia ya watoto haikupungua. Moshi wa taka, wa tumbaku, wa jirani ulikuwa ungalipo. Ukinipa nafasi ya kuzungumza na mama wa mtoto wa mwezi mmoja kwa dakika kumi tu, saba nitazitumia kwa ziwa, mbili kwa chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na moja kwa jiko.

Victora ana alama yake pia Tanzania. Mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa waandishi, pamoja na Joanna Armstrong Schellenberg na Adiel Mushi, wa makala ya Lancet kuhusu watoto wa vijijini kusini mwa Tanzania, ingawa wilaya zenyewe zilikuwa Kilombero, Ulanga, Rufiji na Morogoro Vijijini. Mtu wa mjini angetazama vijiji vile akasema wote ni maskini, hakuna tofauti. Wao walihesabu mali ndogo ndogo za nyumbani, wakakuta tofauti: wenye nafuu kidogo walijua zaidi dalili za hatari, waliwafikisha watoto kituoni zaidi, na watoto wao walipata antibaiotiki ya nimonia zaidi. Mwenye baiskeli na asiye nayo si sawa mtoto anapobanwa mbavu saa nane usiku. Schellenberg baadaye alifanya utafiti huku kwetu, katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, ambako wanawake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi nyumbani. Unyonyeshaji uliboreka. Vifo vya wachanga havikupungua, kwa sababu mtoto anayezaliwa bila kupumua au kabla ya wakati anahitaji kituo chenye vifaa na mikono yenye ujuzi, siyo maneno mazuri peke yake. Ziwa lina kazi yake, na kazi hiyo haiwezi kuziba pengo la wodi ya uzazi.

Sasa mtoto ameshaugua. Ana miezi minne, pumzi 56, kifua hakibonyei, ananyonya japo kwa shida, hajatapika kila kitu, hana degedege, hajalegea. Anatibiwa nyumbani. Mwenye kilo 4 hadi chini ya 10 hupewa amoksisilini ya kuyeyuka ya miligramu 250, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku 5. Kidonge kiyeyushwe katika kijiko cha maziwa ya mama yaliyokamuliwa, hakuna haja ya maji. Kosa la kawaida ni kuacha siku ya tatu mtoto akichangamka, na kuweka vidonge viwili vitatu kwa ajili ya mdogo wake.

Kunyonyesha kwake kubadilike. Mtoto hupumua kwa pua, na pua iliyoziba ndiyo humfanya aachie ziwa. Chemsha maji kikombe cha robo lita, weka chumvi chini kidogo ya nusu kijiko cha chai, yapoe, dondosha tone moja au mawili kila pua, kisha safisha kwa ncha ya kitambaa laini kilichosokotwa. Usitumie mafuta ya nazi wala samli puani. Yakiteremka mapafuni yanazaa nimonia nyingine. Mtoto akae wima zaidi kuliko kawaida, kichwa juu ya usawa wa titi. Anyonye kidogo kidogo kila baada ya saa moja na nusu au mbili, mchana na usiku, na akiachia kuvuta hewa asirudishwe kwa nguvu.

Akishindwa kabisa kuvuta, au kifua kikianza kubonyea, ni safari ya hospitali, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, ile iliyo karibu. Njiani mama asiache kukamua, la sivyo maziwa yatakauka kabla mtoto hajapona. Aoshe mikono kwa sabuni, aweke kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma ya duara jeusi, asukume kuelekea kifuani kisha abane, azunguke titi lote, asivute chuchu. Maziwa yakae kwenye kikombe safi chenye kifuniko, kivulini, kwa muda usiozidi masaa manne, na joto likiwa kali yatumike mapema zaidi. Kama mtoto bado ana uwezo wa kumeza, apewe kwa kikombe kidogo kisicho na mdomo mrefu. Ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu pale ulimi unapoanzia, mtoto ayalambe mwenyewe. Akikohoa, shusha kikombe, subiri pumzi zake zitulie, kisha uendelee.